Siku kumi na moja za kutafuta gia ya meno sitini

Siku ya 1, Jumatatu, Tanga

Mashine yangu ya kukereza chuma imevunjika leo saa tano kasorobo asubuhi, na aliyeivunja ni mimi mwenyewe. Ninalitanguliza hili kwa sababu mpwa wangu anajifunza kazi kwangu, na majirani wote wa karakana, waliposikia mlio ule, walimgeukia yeye kabla hawajauliza lolote.

Mashine ni Myford ML7, iliyotengenezwa Beeston, pembezoni mwa mji wa Nottingham, Uingereza. Niliinunua mwaka 2009 kutoka karakana ya shamba moja la mkonge lililokuwa limekwisha kufungwa, upande wa Muheza. Ni mashine ndogo: chuma kinachozunguka juu ya kitanda chake hakizidi kipenyo cha inchi 7, lakini kwa kazi zangu za pampu za maji, cherehani na vipuri vya boti za wavuvi imenitosha miaka yote. Aina hii ilianza kutengenezwa muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili, na kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2011, kwa hiyo yeyote anayeimiliki sasa anamiliki kitu kisicho na mwenyewe.

Nilikuwa nakata uzi wa ndani katika sahani ya kufungia chaki mpya. Chaki, kwa wasioijua, ni ile taya inayokamata chuma kinachokerezwa. Pua ya spindo (mhimili unaoizungusha chaki) ya ML7 ina kipenyo cha inchi 1⅛ na nyuzi 12 kwa inchi, kipimo ambacho chaki nyingi za madukani hazinacho, hivyo chaki mpya niliibidi niichongee sahani yake. Nilikuwa nimeiweka mashine katika mwendo wa chini kabisa, mizunguko kama 35 kwa dakika, na kwa uzi huo gari la mashine, yaani sehemu inayobeba kisu ikivutwa na skrubu kuu inayozungushwa na gia kutoka kwenye spindo, husogea karibu inchi 3 kwa dakika, mwendo wa kobe ambao mtu yeyote angeweza kuufuatilia kwa macho huku mkono wake ukiwa kwenye wenzo wa kuachia nati inayoliunganisha gari na skrubu hiyo. Simu ililia mfukoni. Niliutoa mkono kwenye wenzo, na katika muda wa kuliangalia tu jina la aliyepiga, ncha ya kisu ilipenya upande wa pili wa sahani na kugota kwenye uso wa chaki ya zamani iliyoshikilia kazi.

Katika mwendo wa kawaida mkanda ungeteleza juu ya puli, na hasara ingekuwa ncha ya kisu peke yake. Tatizo la mwendo wa chini ni kwamba gia za kupunguzia mwendo huongeza nguvu kwa kiasi kile kile zinachopunguza mizunguko, kwa hiyo mkanda haukuhisi kitu, spindo iliendelea kuzunguka, gari likakataa kwenda, na kilichokuwa dhaifu kuliko vyote katikati yao kikaachia. Tulisikia milio kama ya karanga zinazopasuliwa kwa meno, kisha kimya.

Jioni nilivifungua vyote na kuvipanga juu ya gunia. Gia ya meno 60 imepoteza meno 7 yanayofuatana. Gia ya kati, yenye meno 50, imepoteza 3. Gia ya meno 40 ni nzima. Mkono unaobeba gia hizi umepata ufa unaoanzia kwenye mfereji wake na kwenda karibu nusu ya upana. Skrubu kuu na nati yake ya nusu mbili vimesalimika, na hilo nililishukuru kwa sauti, maana skrubu ikipinda ndipo huzuni ya kweli inapoanza.

Siku ya 2, Jumanne, Tanga

Kabla ya kutoka nyumbani nilipima kila kitu kwa kipimo cha venia na kuandika katika daftari, kwa kuwa nimekwisha kuwaona mafundi wengi wakienda sokoni na kipande kilichovunjika mkononi, wakirudi na kitu kinachofanana nacho, na kukuta kufanana si kulingana.

Gia za kubadilisha za Myford, zile zinazobadilishwa kulingana na uzi unaokatwa, hazikupimwa kwa moduli, kipimo cha milimita, kama gia nyingi za leo, zimepimwa kwa mfumo wa Kiingereza unaoitwa pichi ya daimetra, na namba yake ni 20. Maana yake ni kwamba katika kila inchi moja ya kipenyo cha kazi yanakaa meno 20. Kwa hiyo gia ya meno 60 ina kipenyo cha kazi cha inchi 3 kamili, na ukiongeza meno mawili katika hesabu, kama kanuni inavyotaka, kipenyo chake cha nje kinakuwa 62 kugawa kwa 20, yaani inchi 3.1, ambayo ni milimita 78.74. Unene ni inchi ⅜. Tundu ni inchi ⅝. Pembe ya mgandamizo, ambayo ndiyo inayoamua sura ya ubavu wa jino, ni digrii 14.5, wakati gia nyingi za kisasa zinatumia digrii 20.

Nikiwa na daftari hilo nilizunguka mjini. Katika eneo la viwanda vidogo la SIDO nilipata mashine nzuri ya milingi, ile inayokata kwa kisu kinachozunguka, na fundi mwenye adabu, ila visu vyake vyote vya kukatia meno vilikuwa vya moduli. Kwa wauza chuma chakavu nilipata gia za pikipiki, za trekta na za mashine za kusaga, gunia zima, na hakuna hata moja iliyokaribia.

Mchana nilimwandikia barua pepe muuzaji wa Uingereza, kwa kuwa jina la Myford pamoja na akiba ya vipuri vilinunuliwa na kampuni nyingine ya huko baada ya kiwanda kufungwa, na baadhi ya vipuri bado vinauzwa. Jibu lilikuja kabla ya magharibi. Gia ipo na bei yake si mbaya; usafirishaji ndio uliozidi bei ya gia, na baada ya hapo ushuru, na baada ya ushuru majuma yasiyojulikana idadi. Nina pampu mbili za watu sakafuni.

Rafiki yangu mmoja alinishauri niende Hai, mkoani Kilimanjaro, kwenye kile kiwanda cha kutengeneza mashine kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria. Niliufikiria ushauri huo kwa uzito. Lakini Wabulgaria ni watu wa milimita, kama walivyo Wachina waliojenga karakana za Mang'ula wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, na mimi nilikuwa natafuta kisu cha inchi. Mahali pa karibu ambapo inchi za Kiingereza zilikaa muda mrefu zaidi katika makabati ya mafundi ni ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kenya. Nikakata tiketi ya basi la Mombasa.

Siku ya 3, Jumatano, Tanga hadi Mombasa

Niliondoka na gia zote tatu katika mfuko wa turubai: mbili zilizovunjika na ile nzima ya meno 40, ambayo niliichukua iwe shahidi. Mpakani afisa aliushika mfuko, akauona uzito wake, akaniuliza nimebeba nini. Nilipomwonyesha meno yaliyokatika alicheka, akasema hata yeye ana daktari wa meno Mombasa. Tulifika Likoni alasiri, tukavuka kwa feri, na nikalala kwa binamu yangu Majengo.

Siku ya 4, Alhamisi, Mombasa

Fundi niliyeelekezwa ana karakana inayohudumia boti za uvuvi, na kazi yake ni safi. Nilimkuta akikereza bushi ya shaba ya shafti ya boti, na utepe wa shaba ulikuwa ukitoka kwenye kisu bila kukatika. Aliipima gia yangu, akagawa 78.7 kwa 62, akapata 1.27.

"Hii ni moduli moja na robo, ndugu yangu," alisema. "Hiyo sufuri nukta sufuri mbili ni uchakavu."

Nilimweleza kwamba uchakavu hupunguza kipenyo, hauwezi kukiongeza, na kwamba 1.27 ndiyo hasa inayopatikana ukigawa milimita 25.4 za inchi moja kwa 20. Alinisikiliza kwa heshima. Alinijibu kwamba katika miaka yake yote hajapata kuona kisu cha namna hiyo pwani nzima, na kwamba tofauti ya unywele haiwezi kuizuia gia kuzunguka. Nami, sijui kwa uchovu au kwa tamaa ya kurudi nyumbani mapema, nilikubali.

Alimaliza saa kumi na moja jioni. Tulifunga vipini viwili kwenye ubao, tukaitia gia yake mpya upande mmoja na ile ya meno 40 upande wa pili, tukazungusha kwa mkono. Zilizunguka, na hapo alikuwa mkweli. Lakini kila jino lilipokea zamu yake kwa kugonga, na mkononi nilihisi kama ninazungusha kinu chenye mchanga. Nilipoziweka gia mbili za meno 60, mpya na ya zamani, moja juu ya nyingine, sababu ilionekana bila kioo cha kukuzia: meno mapya yalikuwa manene shinani na membamba nchani, kwa kuwa kisu chake kilikuwa cha digrii 20, ilhali meno ya zamani yalikuwa yamesimama wima zaidi. Kipenyo cha nje kilikuwa 77.5. Tundu alilipanua kwa rima, kile kisu cha kumalizia tundu, ya milimita 16, kwa kuwa inchi ⅝ ni 15.875 na rima ya kipimo hicho hakuwa nayo, hivyo gia ilikuwa ikicheza juu ya kipini chake kabla hata haijaanza kazi.

"Funga tu, itazoea yenyewe," alisema.

Gia inayozoea huzoea kwa kuwala wenzake, na wenzake hao ni seti nzima ya gia za asili ambazo sina namna ya kuzipata tena. Nilimlipa ujira wake wote, kwa sababu alichonga nilichokubali achonge. Gia yenyewe nimeifunga katika gazeti. Itafaa kuwa uzito wa kukandamizia karatasi.

Siku ya 5, Ijumaa, Mombasa hadi Nairobi

Treni kutoka Miritini. Nilikaa upande wa dirisha, nikaona tembo wawili wekundu kwa vumbi la Tsavo, nikalala hadi Syokimau.

Siku ya 6, Jumamosi, Nairobi

Nilianzia Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, mahali ambapo inasemekana gari lako likiibwa usiku utalikuta asubuhi likiuzwa vipande vipande. Kwa gia za magari pale ni peponi. Nilipotamka neno Myford niliulizwa kama ni lori. Kutoka hapo nilikwenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, na ingawa nilijua mapema kwamba sitapata kisu cha gia kati ya watu wanaotengeneza masanduku ya bati, mikokoteni na majiko, nilikaa zaidi ya saa moja nikitazama jinsi wanavyokunja bati kwa nyundo na kipande cha reli bila kutumia kipimo chochote na bado mfuniko ukakaa sawasawa. Kelele za pale zinaingia mpaka kwenye meno.

Muuza misumari mmoja ndiye aliyenipa njia. Aliniambia niende Industrial Area, kwa mzee mmoja Mkenya mwenye asili ya Kigujarati, ambaye karakana yake ilikuwa ikitengeneza kalibu za vyuma kabla plastiki za bei nafuu hazijaingia, na ambaye sasa anafungua mlango kwa mazoea kuliko kwa biashara.

Nilifika saa sita na nusu, mzee akiwa tayari ameshika kufuli. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa lafudhi safi, akaniita kijana ingawa nina miaka 52. Nilimpa gia mkononi bila maelezo. Hakutafuta venia. Aliisogeza gia nzima ya meno 40 karibu na dirisha, akapitisha ukucha katikati ya meno mawili, akasema, "Ishirini, kumi na nne na nusu. Myford au Boxford?"

Nilipojibu alifungua kabati la mbao lenye droo nyembamba. Visu vilikuwa vimefungwa katika karatasi yenye oili iliyogeuka rangi ya chai. Hapa inafaa nieleze jambo linalowachanganya wengi: kisu kimoja hakikati gia zote za pichi moja, kwa sababu sura ya jino hubadilika kadiri gia inavyokuwa kubwa, hivyo kila pichi ina seti ya visu 8. Kisu namba 1 hukata kuanzia meno 135 kwenda juu, namba 2 hukata 55 hadi 134, namba 3 hukata 35 hadi 54, na kuendelea hivyo mpaka namba 8 ambacho ni cha meno 12 na 13. Katika droo ya pichi 20 vilibaki vitatu: namba 2, namba 5 na namba 8.

Namba 2 ilinitosha kwa gia ya meno 60. Kwa ile ya meno 50 nilihitaji namba 3, nayo haikuwepo. Nilipoonyesha masikitiko mzee aliniuliza gia ya 50 ilikuwa imekaa wapi. Nilimwambia ilikuwa katikati. "Basi huihitaji leo," alisema, na nikaona aibu, kwa kuwa jambo hilo namfundisha mpwa wangu kila mwezi: gia ya kati hupitisha mwendo tu, haibadilishi uwiano, na mahali pake panaweza kukaa gia yoyote inayofikia pande zote mbili. Kwa nyuzi 12, skrubu kuu ikiwa na nyuzi 8, kinachotakiwa ni 8 kwa 12, yaani 40 kwa 60. Katikati ninaweza kuweka 55, ambayo ninayo.

Aliniambia nirudi Jumatatu.

Siku ya 7, Jumapili, Nairobi

Mvua. Nilifua shati.

Siku ya 8, Jumatatu, Nairobi

Tulianza kwa kubishana kuhusu chuma. Mimi nilitaka gia ya chuma kigumu, isivunjike tena. Mzee alitoa kipande cha mviringo cha chuma cha kusubu, kile cha kijivu kinachovunjika bila kupinda, akasema kwamba siku nyingine simu itakapolia, maana italia, lazima kiwepo kitu cha kukatika, na ni afadhali kikatike kitu ambacho tunaweza kukichonga tena kuliko skrubu ndefu ya mashine iliyokwisha kuzikwa na watengenezaji wake. Nilitazama mvunjiko wa gia yangu ya zamani: kijivu, wenye punje. Waliotengeneza walifikiri kama yeye. Niliacha kubishana.

Aliniachia mashine nikereze mwenyewe, akakaa kwenye kiti akitazama. Nilitoboa tundu na kulimaliza kwa rima ya inchi ⅝, halafu nikakifunga kipande juu ya kipini cha kipimo hicho hicho, ili kipenyo cha nje kikerezwe kikiwa kimeshikwa kwa tundu lake, kwa kuwa gia ambayo tundu lake na meno yake havina kitovu kimoja huenda mbio upande mmoja na kuchechemea upande wa pili. Nilifikia inchi 3.1 kamili. Nikaupunguza unene hadi ⅜.

Kisha tulihamia kwenye milingi. Kichwa cha kugawia cha mzee kina uwiano wa 40 kwa 1, yaani mpini wake ukizungushwa mara 40 kipande huzunguka mara moja. Kwa meno 60 kila hatua ni 40 kwa 60, theluthi mbili za mzunguko. Kwenye duara la matundu 18 hiyo ni kuhesabu nafasi 12. Nasema nafasi, si matundu, kwa sababu anayehesabu tundu alilosimama kuwa la kwanza atapata gia ya meno yasiyojulikana hesabu, na kosa hataligundua mpaka jino la mwisho litakapokosa mahali pa kukaa. Kina cha jino kwa pichi 20 ni inchi 0.108 hivi. Tulikikata kwa mapito mawili, la kwanza la kuondoa chuma kingi, la pili jembamba la kusafisha. Kwa kila jino nilipiga mstari wa chaki ya ubao kwenye mlango wa kabati, mitanomitano, kama mtu anayehesabu magunia.

Umeme ulikatika nikiwa jino la 41 la pito la kwanza. Mzee alininyooshea kidole kabla sijasogea: nisiguse kitu. Tulikaa gizani karibu saa nzima, tukinywa chai ya tangawizi iliyoletwa na kijana wa jirani, naye akanieleza kwamba baba yake alikuja Nairobi kufanya kazi katika karakana za reli, na kwamba visu vile vilikuwa vya baba yake. Nilimuuliza kwa nini havikuuzwa. Alisema hakuna aliyeuliza bei.

Saa kumi kasoro dakika chache kisu kilipita kati ya jino la 60 na jino la kwanza. Unene wa jino la mwisho ulikuwa sawa na wa mengine, kwa venia na kwa ukucha. Tuliutoa mfereji wa kii, kile kipande kinachoizuia gia kuteleza juu ya kipini chake, kwa kusukuma kisu chembamba ndani ya tundu kwa mkono, pito baada ya pito, kazi ya kuchosha isiyo na mengi ya kusimulia. Kisha niliitia gia mpya pamoja na ile ya meno 40 kwenye vipini, nikazungusha, na sikuhisi kitu chochote mkononi. Mzee alikubali malipo ya chuma na ya umeme. Ujira aliukataa, nikauacha chini ya sahani ya chai.

Siku ya 9, Jumanne, Nairobi hadi Tanga

Treni ya asubuhi hadi Miritini, feri, basi. Mpakani nilikutana na afisa yule yule. Nilimwonyesha meno mapya.

Siku ya 10, Jumatano, Tanga

Leo ilikuwa siku ya mkono wa gia. Ni chuma cha kusubu nao, na chuma hicho ukikichomelea kwa umeme kikiwa baridi hupasuka pembeni mwa chomeo, wakati mwingine usiku ukiwa umekwisha kulala. Kwa hiyo nilichagua kuunga kwa shaba. Nilitoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, nikaufungua ufa wenyewe kwa tupa uwe na umbo la herufi V, nikausugua mpaka uking'aa. Mpwa wangu aliwasha majiko mawili ya mkaa, tukauweka mkono katikati yake upate moto taratibu. Nilipoleta moto wa gesi shaba ilitiririka ndani ya ufa kama asali. Baada ya hapo tuliufukia ndani ya ndoo ya majivu makavu, na nilimkataza kuifunua hata kwa udadisi, kwa kuwa unaopoa haraka ndio unaopasuka.

Wakati majivu yakifanya kazi yake nilishughulikia gia ya meno 50. Nilichimba mfereji mahali palipokuwa na meno matatu, wenye kitako kipana na mdomo mwembamba, nikaingiza kipande cha chuma kilichochongwa kuufuata, nikakiunga kwa shaba. Meno yenyewe nilianza kuyachonga kwa tupa, nikitumia kigezo cha bati nilichokikata kwa kufuata meno mazima ya gia hiyo hiyo. Hadi usiku nilikuwa nimemaliza moja na nusu. Nisingeitegemea kazi ya namna hii katika gia ya gari, lakini gia ya kubadilisha katika mashine ndogo haibebi mzigo mkubwa, mradi mwenyewe hapokei simu.

Siku ya 11, Alhamisi, Tanga

Mkono ulitoka katika majivu ukiwa vuguvugu na bila ufa mpya. Nilifunga 40 kwenye kipini cha juu, 55 katikati, 60 kwenye skrubu kuu. Kila zilipokutana niliweka kipande cha karatasi ya daftari kati ya meno, nikazibana, nikakaza nati, kisha nikazungusha karatasi itoke. Nafasi inayoachwa na karatasi ndiyo nafasi ya oili. Karatasi ilitoka imekunjwa kama feni, bila kutoboka.

Sahani iliyoanzisha yote haya ilikuwa bado imeshikwa na chaki ya zamani, lakini kipimo cha mshale, kile chenye uso kama wa saa, kilionyesha kwamba mgoto uliisogeza. Niliirudisha katikati, nikagonga huku na gonga kule mpaka mshale ukatulia. Kisha nikaukamata upya uzi uliokuwa umekatwa nusu: nilifunga nati ya skrubu kuu, nikazungusha spindo kwa mkono kuondoa ulegevu wote, na kwa kutumia kitelezi kidogo cha juu nikaisogeza ncha ya kisu mpaka ikakaa ndani ya mfereji wa zamani bila kugusa upande wowote. Kazi hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko kukata uzi wenyewe. Mapito sita, oili kidogo kila pito. Kwa kuwa sahani ilikuwa juu ya spindo hiyo hiyo ambayo ilipaswa kuivaa, nilipima kwa kipande dume chenye uzi wa pua ya spindo nilichokuwa nimekichonga mwezi uliopita. Katika pito la sita kiliingia kwa vidole.

Nilifungua chaki ya zamani na kuivisha spindo sahani mpya. Iliingia mzunguko baada ya mzunguko, ikagota begani kwa mlio mfupi, mzito. Bado kuna uso wa kusawazishwa, bega la kukerezwa na matundu matatu ya bolti.

Mpwa wangu aliuliza kama anaweza kukata uzi wa pampu ya kwanza kesho. "Mjomba, mkono wangu hautatoka kwenye wenzo," alisema. Nilimkubalia, na simu zetu zote mbili nimezitengea rafu iliyo karibu na mlango.